Barua ya wazi kwa Mheshimiwa: kabla hamjalifunika jua, nileteeni chanja za kuanikia dagaa

Kwa Mheshimiwa uliyefika mwaloni kwetu Igombe, Mwanza, pale mitumbwi inaposhusha samaki, ukapiga picha umeshika dagaa,

Shikamoo, kama umenizidi umri. Kama sivyo, habari za majukumu.

YAH: JUA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mheshimiwa, mimi ni mwanika dagaa. Kazi hii nimeifanya miaka 19, imenisomeshea watoto watatu na imeniharibu mgongo. Mtaji wangu una sehemu mbili: pesa ya kukopa na jua la bure. Pesa nimeshazoea kuhangaika nayo. Jua sikuwahi kuliwazia, mpaka uliposhika kipaza sauti.

Nianze na Alhamisi iliyopita. Alfajiri mitumbwi ilipoingia nilinunua ndoo 32. Nikawamwaga kwenye nyavu chakavu tulizotandika juu ya mchanga, na kufikia saa mbili asubuhi jua lilikuwa limeshika vizuri. Saa saba na nusu wingu likatokea upande wa Ukerewe, likaja mbio kama mtu anayedai. Tulikusanya kwa mabeseni, kwa viroba, kwa kanga tulizovaa. Nilinusuru ndoo 9. Waliobaki walichanganyika na mchanga, Ijumaa wakaanza kunuka, Jumamosi akaja yule bwana wa chakula cha kuku akataja bei yake, nami sikuwa na mdomo wa kubishana. Pesa niliyonunulia ilikuwa ya mkopo, ile wanayoiita kausha damu. Mimi nakausha dagaa, wao wananikausha mimi.

Ijumaa hiyo hiyo, nikiwa nageuza dagaa walioharibika, nikakusikia redioni. Ulisema nchi yetu isibaki nyuma katika teknolojia mpya za kuipoza dunia, "zikiwemo zile za kupunguza miale ya jua". Mwenzangu aliyekuwa pembeni aliuliza kama amesikia vizuri. Nikamwambia umesikia vizuri dada, mimi semina ya mambo hayo nilihudhuria.

Ndiyo, Mheshimiwa, nilikuwepo. Labda hukuniona kwa sababu wadau wa mwaloni tuliwekwa meza ya mwisho karibu na mlango wa jikoni. Tulipewa begi, kalamu na daftari. Kiyoyozi cha ile hoteli kilikuwa kikali mpaka tukajifunika kanga mabegani, nikasema moyoni kumbe kupoza dunia ni hivi. Lakini daftari nililitumia. Nimeandika kurasa kumi na moja, na nilipofika nyumbani nilimkalisha mpwa wangu anayesoma chuo Malimbe tukayapitia mambo yale moja baada ya jingine, yeye na simu yake, mimi na maswali yangu. Kwa hiyo usije ukasema mama huyu amedanganywa na watu.

Kuna wazo la kupeleka vioo angani. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Roger Angel, mwaka 2006 alipendekeza matrilioni ya visahani vyembamba virushwe umbali wa zaidi ya kilomita milioni 1.5, vikae kati yetu na jua, vilichuje. Hili halinisumbui, maana tangu 2006 hadi leo hakijarushwa hata kimoja. Vioo hivyo na zile chanja ulizotuahidi vinafanana.

Kuna mashine za Aisilandi zinazonyonya hewa ukaa na kuizika chini ya ardhi igeuke jiwe. Hizo sina ugomvi nazo, ziendelee.

Kuna la kupaka rangi nyeupe ili joto lirudi juu. Hapa nilicheka. Peru kuna bwana mmoja, Eduardo Gold, aliyeshinda zawadi ya Benki ya Dunia mwaka 2009 kwa wazo la kupaka miamba ya mlima chokaa iliyochanganywa na ute wa mayai, akitumaini barafu iliyoyeyuka itarudi. Nikaiwazia Mwanza yetu, mji wa mawe. Tukianza na Bugando, tupande Igogo, tumalizie Mabatini, mayai yatatoka wapi? Na hao kuku watakula nini kama si dagaa wangu walioharibika? Ila mpwa wangu amenitetea yule bwana, anasema bati likipakwa rangi nyeupe nyumba inapoa kweli. Basi hilo la bati nalikubali, anzeni na shule ya watoto wetu maana mchana ni tanuri.

Kuna la kumwaga chuma majini ili mwani uote kwa wingi na kunyonya hewa ukaa. Mwaka 2012 tani kama 100 za salfeti ya chuma zilimwagwa baharini pwani ya magharibi ya Kanada, na mwani ukaota kweli. Naomba jambo moja, Mheshimiwa: huyo aliyemwaga chuma akiomba kuja ziwani kwetu, mwambieni amechelewa. Mbolea ya mwani tunayo. Inaletwa bure na mto Mirongo, na mashamba, na vyoo vyetu. Maji ya kijani kama mchicha uliochujwa tunayaona, na mwani huo ukifa unaoza na kula hewa ya majini, samaki wanaelea. Waliofuga sato kwenye vizimba wakuhadithie.

Sasa nafika kwenye salfa, ambayo ndiyo imenikosesha usingizi.

Mtoa mada alieleza vizuri, simkosei. Juni 1991 mlima Pinatubo wa Ufilipino ulilipuka, ukarusha angani tani zaidi ya milioni 15 za salfa dayoksaidi, gesi ambayo huko juu hugeuka chembe laini kama vumbi. Vumbi lile laini lilisambaa dunia nzima, likazuia sehemu ya miale, na dunia ikapoa kwa karibu nusu digrii kwa zaidi ya mwaka mmoja. Ndipo wakubwa wakajiuliza, kwa nini tusifanye wenyewe kwa ndege? Si wendawazimu walioliuliza. Paul Crutzen, mwenye Nobel ya kemia, aliandika mwaka 2006 kwamba lichunguzwe, kwa sababu watu waliambiwa wapunguze moshi na hawakupunguza.

Kwenye maswali nilinyoosha mkono. Unakumbuka? Mwendesha semina alisema muda umekwisha. Nilitaka kuuliza: vumbi hilo linashuka baada ya muda gani? Mpwa wangu amenijibu. Mwaka mmoja au miwili, basi. Maana yake lazima urushe tena, na tena, miaka yote, huku moshi ukiendelea kurundikana chini yake. Na siku ukiacha, labda vita imetokea, au aliyekuwa akilipa amechoka, joto lote lililozuiwa linarudi kwa kasi ndani ya miaka michache. Mheshimiwa, mkopo wa namna hiyo mimi naufahamu. Unalipa kila wiki, deni halipungui, na wiki usiyolipa wanakuja kubeba godoro. Hiyo ni kausha damu ya angani, na mdhamini wake mnataka niwe mimi.

Swali la pili lilikuwa la mvua. Kivuli hicho kikitandazwa huko, nani huku atakosa mvua? Watafiti waliangalia miaka 4 ya ukame mkali kuliko yote Sahel, ule ukanda wa kusini ya jangwa la Sahara, kati ya 1900 na 2010, wakakuta mitatu ilitanguliwa na mlipuko mkubwa wa volkano upande wa kaskazini ya dunia. Vumbi lilikuwa la kwao, njaa ikawa ya watu wa Mali na Niger. Na sisi ziwa letu la Viktoria linakunywa mvua: karibu asilimia 80 ya maji yake yanatoka mawinguni moja kwa moja, mito inaongezea tu. Mvua hiyo inapikwa na jua. Nchi kavu inapata moto mchana, usiku upepo unageuka kwenda ziwani, radi zinaanza kule katikati ambako waume na watoto wetu wapo na taa zao. Mnachezea jiko la watu bila kujua chungu kiko wapi.

Mimi nilikuwa nasema ziwa lilipanda kwa sababu wenzetu wa Jinja, Uganda, ambako maji ya ziwa yanatokea, wamefunga milango ya bwawa lao. Mpwa wangu anasema hapana, ilikuwa mvua. Sawa, inawezekana ni vyote. Ninachojua, Mei 2020 maji yalipita hata alama ya mwaka 1964 ambayo wazee wetu walikuwa wakiisimulia, na ufukwe tuliokuwa tunaanikia ukaliwa hatua zaidi ya arobaini. Tangu hapo tunagombania mchanga. Wiki nyingine tunatukanana watu tuliolelewa pamoja.

Zamani Usukumani mvua ikikosekana mtemi ndiye aliyeulizwa. Akishindwa, watu walikuwa na njia zao za kumwambia. Siku hizi nikitaka kumuuliza mtu kuhusu mawingu, namuuliza nani? Wewe una ofisi yenye geti.

Tena wenzako wameshasema. Agosti 2023, Addis Ababa, mawaziri wa mazingira wa Afrika walikutana na kutaka uwepo mkataba wa dunia wa kutotumia hayo mambo ya kulichuja jua. Miezi saba kabla yake Meksiko ilishatangaza kupiga marufuku, baada ya kampuni ya Marekani kurusha maputo ya salfa kwenye ardhi yake bila kubisha hodi. Mwaka 2024 jambo likafika Nairobi, kwenye baraza la mazingira la Umoja wa Mataifa, likashindikana, kila mtu akarudi kwao. Sasa wewe redioni ulikuwa unaongea kwa niaba ya nani? Kama Afrika imesema hapana, nawe unasema tusibaki nyuma, tusibaki nyuma ya nani?

Sipingi sayansi. Jirani zetu Shinyanga waliambiwa nchi yao imegeuka jangwa. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi, wakarudia ngitili za babu zao, yaani kulifunga eneo la malisho lipumzike, na miti ikarudi kwenye mamia ya maelfu ya hekta. Hakuna aliyegusa jua. Lakini ngitili haina ndege, na haina semina ya hotelini yenye kiyoyozi.

Nirudi kwenye letu. Miaka miwili iliyopita ulisimama juu ya kreti la soda hapa mwaloni ukasema, nanukuu kwa sababu niliirekodi kwenye simu: "Kabla ya masika mtakuwa na chanja 60." Tulipiga vigelegele. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuvisha kanga. Masika zimepita mbili. Dagaa wa chanja hana mchanga, anakauka haraka, wanunuzi wa Kongo wanaokuja soko la Mwaloni Kirumba wanamgombania. Mvua ikitishia unamfunika palepale kwa turubai, huokoti mmoja mmoja kama shanga zilizokatika. Chanja ni miti, misumari na wavu. Haihitaji roketi.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza: mkienda kwenye vikao vyao, msitie saini ya jua kwa niaba yangu kabla hamjaja kuniuliza, na safari hii mninyooshee kipaza sauti. La pili, chanja 60. Kama bajeti imebana, 30 zinatosha, tutapokezana. Hata 10, Mheshimiwa, tutawapa wajane na wenye watoto wachanga kwanza.

Kama na hizo hazipo, basi turubai. Moja kubwa, la lori. Mbalamwezi inaisha, giza linaanza Jumanne na mitumbwi inarudi ziwani. Naomba liwe limefika Jumatatu jioni.

Wako,
Mwanika dagaa, meza ya mwisho karibu na mlango wa jikoni,
Mwalo wa Igombe, Ilemela, Mwanza