Kipimo cha mimba hakijui joto la ng'ombe

Mwezi uliopita mama mmoja, mteja wetu wa siku nyingi wa kupandisha ng'ombe kwa mbegu, alinipigia simu saa 1 asubuhi. "Mwanangu, nimempima mkojo. Umetoka mstari mmoja. Ana joto au hana?" Nilipofika nikakuta amekinga mkojo kwenye kopo la mtindi, na juu ya ukuta wa banda kimelazwa kipimo cha mimba cha duka la dawa.

Sikucheka. Wazo la kutafuta joto, yaani kipindi ng'ombe anapotaka dume, kwenye mkojo si baya, ila kile kipimo kinatafuta homoni inayotengenezwa na kondo la mimba ya binadamu. Ng'ombe hana homoni hiyo, awe na mimba, awe na joto, awe amejilalia anacheua. Chovya mara mia, ni mstari mmoja tu.

Wanaohangaika na mkojo kweli kweli ni watafiti wa India, na wana sababu. Kule karibu nusu ya maziwa yao hutoka kwa nyati wa maji wa kufugwa, kama aina iitwayo Murrah (si mbogo wetu wa porini, huyo usimsogelee na ndoo). Nyati hawa wana joto la kimya. Majike hawapandani sana kama ng'ombe, dalili nyingi hutokea usiku, na msimu wa jua kali zinafifia zaidi. Anayejua ni dume: hunusa mkojo, huinua kichwa, hukunja mdomo wa juu. Watafiti wakataka kujua ananusa nini. Wamekuta kemikali za harufu, pamoja na protini ambazo kiwango chake kwenye mkojo hubadilika siku za joto. Lengo ni kupata kijikaratasi cha kuchovya pale pale zizini.

Si kazi nyepesi. Mkojo wa mnyama aliyetoka kunywa ndoo mbili si sawa na wa aliyeshinda na kiu, na kinyesi kikichanganyika ndani yake unapima vitu viwili. Siku kijikaratasi cha kuaminika kwa ng'ombe kitakapofika, boksi la kwanza nitanunua mimi. Kwa sasa hatukiuzi, na akija mtu kukuuzia, mwambie akipime mbele yako kwa ng'ombe wawili, mwenye joto na mwenye mimba.

Turudi bandani kwako. Joto hurudi kila baada ya siku 21 hivi, kati ya 18 na 24, na hudumu saa 12 hadi 18. Yai hutoka baadaye, kama saa 10 hadi 14 baada ya joto kuisha. Ndiyo maana ukimwona asubuhi tunampandisha jioni, ukimwona jioni tunakuja asubuhi yake. Dalili ya uhakika ni kusimama tuli anapopandwa na mwenzake. Lakini wateja wetu wengi wana ng'ombe mmoja, ndani, na majani anapelekewa humo humo. Atapandwa na nani? Hapo utategemea mambo madogo: analia bila sababu, maziwa yamepungua, hatulii, na ute mwangavu kama wa yai umeganda mkiani. Mpitie alfajiri, mchana, na saa 4 usiku kabla hujalala. Hiyo ya usiku ndiyo wengi wanairuka.

Ukiona damu kidogo mkiani, usitupigie tuje mbio. Joto limeshapita siku moja au mbili nyuma. Andika tarehe kwenye kalenda, kisha anza kumwangalia kwa makini kuanzia siku ya 16.

Ukipiga simu, tuambie ulichoona na saa uliyokiona, hata kama huna hakika. Tukifika tukamkuta hana ute na mlango wa kizazi umefunga, hatutumii mbegu. Unalipa nauli ya pikipiki tu.

Mama yule alilipa nauli. Siku 9 baadaye akapiga tena, saa 4 usiku, na kabla hajamaliza salamu nikamsikia ng'ombe nyuma yake analia.