Tuwafundishe vipi watoto kuhusu bastola bila mtaa mzima kujua?

Shikamoo shangazi,

Sisi ni mume na mke tunaoishi Nairobi, na mmoja wetu ana leseni ya bastola. Watoto ni watatu: wa miaka 4, 7 na 11. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka mwenye silaha aihifadhi salama wakati wote, na upande huo hatuna wasiwasi. Yanayotushinda ni maneno ya kuwaambia watoto.

Tueleze kwanza yanayofanyika, ili usije ukatushauri tunayoyafanya tayari. Bastola ikifika nyumbani, magazini, yaani kibebeo cha risasi kinachoingia kwenye mpini, hutolewa kwanza, kisha sehemu ya juu huvutwa nyuma mara kadhaa, halafu chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, hukaguliwa kwa macho na kwa kidole. Mpangilio huo haugeuzwi kamwe. Ukivuta kabla ya kutoa magazini, risasi moja hutoka na nyingine huingia papo hapo. Ukitoa magazini ukaridhika, risasi moja huenda ikabaki ndani ya chemba, na hapo ndipo watu husema baadaye kwamba walidhani haina kitu. Kufuli la waya hupitishwa kwenye tundu la kutolea maganda na kutokea chini, pale magazini inapoingia, hivyo bastola haipakiki. Hukaa katika sefu iliyofungwa ukutani kwa bolti. Risasi ziko katika kasha jingine lenye ufunguo wake. Namba ya siri si siku ya kuzaliwa ya yeyote nyumbani, maana mtoto wa miaka 11 huanzia hapo. Juu ya kabati, chini ya godoro na ndani ya mkoba wa mama si mafichoni. Watoto wanapajua kote huko.

Tumewafundisha hatua nne zilizoenea kutoka Marekani: simama, usiguse, ondoka, mwambie mtu mzima. Wa miaka 4 anazikariri vizuri sana, lakini kukariri hakumzuii mkono, na mtoto wa umri huo anaweza kuwa na nguvu za kutosha kuvuta kifyatulio. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2001 uliwaacha wavulana wa miaka 8 hadi 12 katika chumba chenye bastola halisi iliyofichwa kwenye droo, isiyo na risasi. Wengi wa walioipata waliishika, na karibu wote walioishika walikuwa wameshafundishwa usalama wa bunduki. Kwa hiyo mafunzo hayawezi kushika nafasi ya kufuli. Tunayahitaji kwa nyumba za watu, ambako ufunguo si wetu.

Shida ni kwamba Nairobi mtu hatangazi kuwa ana bastola. Habari ikiwafikia wahalifu, nyumba huvamiwa kwa ajili ya silaha yenyewe. Naye wa miaka 7 husimulia kila kitu ndani ya basi la shule. Tukimwambia asimwambie mtu yeyote, tunaibomoa hatua ya nne, ile inayomtaka aseme. Tukinyamaza, udadisi wa kifungua mimba unazidi. Mmoja wetu angependa kumwonyesha bastola tupu, aulize yote mpaka atosheke. Mwingine anahofia kwamba atajiona fundi, na wakati mwingine ndiye anayebaki na wadogo zake.

Yupo pia dada anayetusaidia nyumbani. Mchana kutwa yeye ndiye "mtu mzima" ambaye watoto wangemkimbilia, na kazi yake ingekuwa kuwatoa chumbani, kufunga mlango bila kugusa chochote na kutupigia simu. Hawezi kuyafanya hayo ikiwa hajui lolote.

Tunapowapeleka watoto kucheza kwingine tunataka kuuliza kama kuna silaha, na kama imefungiwa. Kwa shemeji na binamu ni rahisi. Kwa jirani, swali hilo linasikika kama la mpelelezi au la mwizi, na linafichua letu.

Shangazi, na wasomaji mliolea watoto katika nyumba yenye silaha, tusaidieni kwa haya: huyo wa miaka 7 aambiwe nini hasa, kwa maneno yapi? Mkubwa aonyeshwe au asionyeshwe? Dada aambiwe kiasi gani? Na jirani huulizwaje?

Wazazi, Lang'ata