Barabara ya Kusini isogezwe kwenye ardhi ya juu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kipande cha barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi kinachopita wilayani kwetu Kilwa, kuanzia Somanga mpaka Mto Matandu. Habari za kukatika kwake zimeandikwa sana, na picha za mabasi yaliyopanga foleni kila mtu amekwisha kuziona. Mimi nina ombi moja. Madaraja yanayojengwa badala ya makalavati tunayashukuru, lakini madaraja peke yake hayatoshi. Njia yenyewe ya barabara ipitiwe upya, na pale inapolazimu isogezwe.

Asiyeifahamu nchi yetu nimweleze kidogo. Ukitoka Somanga kuelekea kusini, mkono wa kulia una milima ya Matumbi na mkono wa kushoto una mikoko na bahari. Barabara imepita katikati, kwenye ukanda mwembamba wa bondeni. Mvua inayonyesha Kipatimu na vijiji vya juu haina pa kwenda isipokuwa baharini, na kufika baharini ni lazima ivuke lami. Vijito vile vikiwa bado juu, chini ya milima, kila kimoja kina mkondo wake na kingo zake. Vikishafika bondeni vinatawanyika, maji yanalala upana mkubwa, mwaka huu yanapita hapa na mwaka ujao pale. Hapo ndipo tulipoweka tuta la barabara. Tuta limekuwa bwawa, na makalavati ndiyo matundu machache ya kupumulia.

Nenda ukasimame kwenye kalavati la zamani mvua zikiisha. Upande wa juu utakuta magogo, mabua na mchanga vimejaa hadi nusu ya mdomo wa bomba. Upande wa chini utaona shimo ambalo maji yamelichimba yakitoka kwa nguvu, na shimo hilo linarudi nyuma kidogo kidogo, linakula udongo chini ya lami. Juu, gari linapita salama na dereva haoni kitu. Siku mvua kubwa inapokuja, lami inabaki inaning'inia hewani, kisha inaanguka. Wakulima wetu wanalijua hili vizuri kuliko ripoti yoyote, maana pembeni ya barabara hiyo hiyo wanalima mpunga. Mahali panapoota mpunga ni mahali pa maji, na hilo halihitaji mhandisi mshauri.

Kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu tarehe 4 Mei 2024, ardhi ilikuwa imekwisha kushiba maji ya masika, na Rufiji ilikuwa na mafuriko tangu Aprili. Barabara ilikatika sehemu kadhaa ndani ya wilaya moja: Mikereng'ende, Somanga na kwingineko. Mafundi walifanya kazi usiku na mchana kuturudishia njia, na sitaacha kulisema hilo, kwa sababu niliwaona wakiwa kwenye maji ya kiunoni. Aprili 2025, mwaka haujatimia, maji yakakata tena Somanga Mtama. Mabasi yakalala, malori ya mafuta yakalala, wagonjwa wa rufaa wa kwenda Muhimbili wakalala njiani pamoja na ndugu zao.

Kusini ina njia nyingine ya lami, lakini tazameni ilivyo. Mtu wa Mtwara anayetaka kwenda Dar es Salaam barabara ya pwani ikifungwa inabidi aende Masasi, Tunduru, Namtumbo, Songea, apande Njombe na Makambako, ateremke Iringa na Morogoro. Safari ya kilomita kama 560 inakuwa zaidi ya 1,500. Nauli inapanda, nyanya zinaoza, na kwetu Kilwa, tulio katikati ya sehemu zilizokatika, hata hiyo ya kuzunguka haitusaidii. Masika ni miezi ambayo ufuta wetu unakaribia kuvunwa na mkulima anaanza kutafuta magunia. Samaki wa Somanga na Kilwa hawasubiri kabisa. Barafu ikiyeyuka, mtaji umekwenda.

Wapo watakaosema barabara haisogezwi kama kibanda. Barabara hii imekwisha kusogezwa mara nyingi. Zamani mji wa njia ulikuwa Kilwa Kivinje. Misafara iliyotoka Ziwa Nyasa iliishia pale, na biashara yake, pamoja na ile ya aibu ya watumwa, ilipakiwa majahazini. Leo barabara kuu inapita Nangurukuru, na Kivinje imebaki pembeni na magofu yake. Kwenye Mto Rufiji tulivuka kwa pantoni pale Ndundu, na mto ukijaa msafiri analala ng'ambo, mpaka Daraja la Mkapa lenye urefu wa karibu mita 970 lilipofunguliwa mwaka 2003. Hata baada ya daraja, kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 tu, kilitutesa miaka mingi kabla hakijapata lami. Kila awamu njia ilipelekwa mahali ambapo wakati huo palionekana panafaa. Mvua zimebadilika, na magari yamekuwa mengi na mazito. Kwa nini awamu hii tuone haya kuuliza tena?

Ninachopendekeza ni hiki. Kati ya Somanga na Matandu ufanyike upembuzi wa njia mpya itakayopita juu zaidi, karibu na miguu ya milima, ambako vijito bado viko ndani ya kingo zao. Mto uliokusanyika unavukwa kwa daraja moja. Ukishatawanyika, hata madaraja matano hayautoshi. Si lazima kipande chote kihame. Pengine ni sehemu chache tu, na palipobaki tuta liinuliwe na kupewa matundu mapana. Gharama ni kubwa, najua. Lakini gharama ya kujenga palepale kila masika nayo ni gharama, na hatuiandiki mahali pamoja tukaijumlisha. Tukumbuke pia kwamba Somanga si kijiji cha pembezoni kwa nchi hii. Gesi ya Songo Songo inatua nchi kavu hapo, na tangu mwaka 2004 inasafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme. Nchi iliyoweza kupitisha bomba haishindwi kutafuta njia kavu ya kupitishia watu.

Kuna hofu nyingine, na hii inatoka kwa majirani zangu wenyewe. Njia ikisogea, Somanga itakufa. Mama lishe, wauza samaki wa kukaanga, mafundi wa pancha na vijana wa bodaboda wanaishi kwa magari yanayosimama. Hofu hiyo naiheshimu. Pale Ndundu, pantoni ilipoondoka, biashara iliyoishi kwa foleni ya pantoni iliondoka nayo, na hakuna aliyekuwa amewaandaa wale watu. Ndiyo maana nasema barabara ya sasa isitelekezwe. Ibaki kuwa barabara ya Somanga na vijiji vyake, itengewe fungu la matengenezo, na pale njia mpya itakapoungana na ya zamani pawekwe stendi na soko kabla gari la kwanza halijapita. Basi linaweza kuingia Somanga na kutoka, kama yanavyofanya mabasi ya Kilwa Masoko yanapokata kona Nangurukuru.

Na watu waambiwe mapema. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara. Vijijini wengi wamekuja kuijua sheria hiyo siku walipoamka wakakuta ukuta umepigwa X. X nyekundu, huna fidia. X ya kijani, subiri fidia. Mtu aliyejenga kwa kuuza ufuta wa misimu mingi hastahili kusoma hatima yake ukutani. Njia mpya ikichorwa, ramani ibandikwe ofisi ya kijiji, mkutano uitishwe, mashamba, minazi na mikorosho ihesabiwe mwenyewe akiwepo, na fidia itangulie tingatinga. Yakifanyika hayo, watu wa Kilwa watatoa ardhi bila ugomvi, kwa sababu hakuna anayeihitaji barabara hii kuliko sisi.

Wakati huohuo barabara ya Nangurukuru hadi Liwale isisahaulike. Ikipata lami, na Liwale ikaunganishwa hivyohivyo na Nachingwea, Kusini itakuwa na njia ya pili ya kutokea ndani ya mkoa wa Lindi wenyewe. Haitaponya ugonjwa wa Somanga, maana mwisho wa yote unarudi Nangurukuru, lakini mahali popote kati ya Nangurukuru na Lindi pakikatika, gari litakuwa na pa kupita. Kwa sasa mvua ikinyesha, Liwale ndiyo ya kwanza kufungiwa, na wabunge wetu wamelisema hilo bungeni miaka nenda rudi.

Ombi langu la mwisho ni la wataalamu watakaotumwa kuchunguza njia. Upimaji wa barabara kwa kawaida unafanyika kiangazi, kwa kuwa ndipo gari linapoweza kupita. Agosti ukisimama kwenye bonde lile utaona mchanga mkavu na nyayo za ng'ombe, na kalavati la mita moja litaonekana limezidi. Waje Aprili. Waje na buti na wazee wa vijiji vya Somanga, Tingi na Matandu watembee nao, wawaonyeshe maji yalifika wapi mwaka 2024 na mwaka 2025. Alama zingine bado zipo kwenye mashina ya minazi.

Mkazi wa Nangurukuru,
Kilwa, Lindi