Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mwaka 2025: Mwaka wa Tatu wa Saa Uwanjani

Ndugu wanachama, wazee wangu, mama zangu, na vijana mliokaa nyuma karibu na sinia la sambusa: assalaam aleikum, Bwana asifiwe, na kwa wenzetu wa Bukavu na Lubumbashi, jambo sana.

Mwaka jana mlilalamika, tena kwa haki, kwamba taarifa yangu ilichukua dakika hamsini. Ndiyo maana Bi. Katibu ameniwekea simu yake hapa mezani, inahesabu kurudi nyuma kuanzia dakika kumi na tano. Nimekubali. Mwaka mzima nimewatetea waliowawekea warushaji wa besiboli saa ya kuwahesabia sekunde za kurusha, sasa nikiikimbia yangu mtanicheka.

Hali ya chama chetu cha wapenzi wa besiboli hapa Houston ni njema. Tumepokea wanachama wapya sita, wanne wao hawajawahi kuishika glavu. Hatukufiwa na mwanachama mwaka huu, alhamdulillahi. Glavu na mipira tuliyochanga kwa ajili ya vijana wanaocheza Dar es Salaam, pale shule ya Azania, imefika salama. Habari ya fedha atasoma Mweka Hazina. Mimi nasema tu kwamba wasiolipa ada wanajijua, na mmoja wao ndiye anayesoma taarifa hii. Nitalipa leo.

Sasa niende kwenye jambo lililotugawa, yaani safari ya Juni.

Tulikubaliana basi liondoke ukumbini saa kumi na moja na nusu jioni ili mchezo wa saa moja na dakika kumi utukute tumeshakaa. Liliondoka saa moja kasoro dakika ishirini. Sitawataja tuliokuwa tukiwasubiri, wapo humu ndani na wamevaa vizuri. Kisha foleni ya barabarani, maegesho, mlangoni. Tulipokaa vitini ilikuwa iningi ya tano, yaani awamu ya tano kati ya tisa za mchezo. Saa tatu na nusu watu wanasimama, wanakung'uta nguo, mchezo umekwisha. Mama mmoja alikuwa hajamaliza hata karanga alizonunua mlangoni.

Zamani tungechelewa vilevile na tungeona mchezo hadi tuchoke. Mwaka 2021 mchezo wa iningi tisa katika ligi kuu ya Marekani ulichukua wastani wa saa 3 na dakika 10. Msimu huu wa 2025 umechukua saa 2 na dakika 38. Nusu saa nzima imeondoka, na sisi bado tunaendesha basi letu kwa hesabu ya 2021.

Tukirudi, mzee wetu mmoja, ambaye heshima yake mnaijua, alisema ndani ya basi kwa sauti: "Hawa watu wametuibia nusu saa, na tiketi wamepandisha." Wengi mlipiga makofi. Mimi nilinyamaza kwa kuwa ndiye niliyepanga safari, lakini neno lile halikunitoka. Nikaamua kulichunguza, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza tukumbushane sheria yenyewe, maana baadhi yetu tunaipinga bila kuijua. Tangu 2023, mrushaji ana sekunde 15 za kuanza kurusha kama besi, yaani vituo anavyokimbilia mpigaji ili apate pointi, hazina mtu. Kama kuna mkimbiaji alipewa sekunde 20, na mwaka 2024 zikapunguzwa hadi 18. Mpigaji naye lazima awe kisandukuni, ndani ya mistari anaposimama kupiga, macho kwa mrushaji, kabla saa haijashuka chini ya sekunde nane. Mrushaji akichelewa, anahesabiwa boli, yaani mpira mbaya; zikifika nne mpigaji anakwenda besi ya kwanza bure. Mpigaji akichelewa, anahesabiwa straiki; zikifika tatu ametoka. Mpigaji anaruhusiwa kuomba kusimamisha mara moja tu kila zamu. Na mrushaji, aliyekuwa akigeuka kumtishia mkimbiaji mara saba mara nane kama mlinzi anayesikia mbwa, sasa ana mara mbili. Ya tatu asipomtoa, mkimbiaji anasogezwa besi moja bila jasho.

Pili, nilichukua michezo miwili ya zamani ya 2019 iliyorekodiwa, nikakaa na saa yangu ya mkononi nikihesabu, mke wangu ananiangalia kama mgonjwa. Mpigaji anakosa mpira. Anatoka kisandukuni. Anafungua mkanda wa glavu, anaufunga. Anafungua wa pili, anaufunga. Anapiga viatu kwa gongo (vijana msicheke, gongo la mchezo). Anatazama mbinguni. Anarudi. Mrushaji naye, alipoona mwenzake yuko tayari, anashuka kilimani, mahali pake pa kurushia, kwenda kupaka unga mkononi. Kwa mpira mmoja nilihesabu sekunde 41, na mpira wenyewe haukupigwa. Ndugu zangu, nusu saa tunayosema tumeibiwa ilikuwa hiyo.

Na msidhani ni jambo jipya. Kitabu cha sheria kilikuwa tayari kinasema mrushaji atumie sekunde 12 besi zikiwa tupu. Ilikuwa sheria kama ile ya kwetu ya kutoegesha gari mbele ya lango la ukumbi. Hakuna mwamuzi aliyeitekeleza, maana hakukuwa na saa inayoonekana na watu wote. Viongozi wa ligi walijaribu kukata pembeni pembeni: 2018 wakaweka kikomo cha makocha kutembelea kilima, 2020 wakasema mrushaji akiingia awakabili wapigaji watatu kabla ya kubadilishwa. Dawa za juu juu tu. Mwaka 2022 michezo bado ilizidi saa tatu. Walipofunga saa kwenye ligi ndogo mwaka huohuo muda ulishuka kwa takriban dakika 25, na hapo mjadala ukawa umekwisha, ingawa wachezaji walikuwa hawajakubali. Septemba 2022 kamati ya watu 11 ilipiga kura. Wachezaji wana viti vinne tu humo, na walisema hapana. Wenye timu wana sita. Hesabu mnaiweza.

Hapo mimi nawaunga mkono wachezaji kwa jambo moja. Kubadilisha kazi ya mtu bila ridhaa yake ni jambo zito, hata kama badiliko ni zuri. Chama chao kilisema tena Aprili 2024 kwamba warushaji wanaumia mikono na saa imewanyima kupumua. Ligi ikajibu kwamba sababu ni kasi ya mipira na kila mmoja kurusha kwa nguvu zake zote kila mara. Ripoti ya ligi ya Desemba 2024 ilisimama upande huohuo. Huenda ni kweli, ila ripoti ni ya mwenye mali, na mkono ni wa mrushaji.

Mwanzoni lilikuwa sokomoko. Wengine mtakumbuka Februari 2023, mchezo wa mazoezi kati ya Braves na Red Sox: 6 kwa 6, iningi ya mwisho, besi zote zimejaa, wapigaji wawili wameshatolewa kati ya watatu, boli tatu straiki mbili. Mwamuzi akasimama, akagonga mkono, straiki ya tatu! Mpigaji Cal Conley alichelewa kujiweka sawa. Mchezo ukaishia hapo, bila mpira kurushwa. Nilizima televisheni nikasema mchezo umekufa. Nilikosea. Baada ya miezi michache walizoea, na sasa makosa ya saa hata huyaoni katika michezo mingi.

Kilichorudi ni mbio. Besi zilipanuliwa kutoka inchi 15 hadi 18 mwaka huohuo, hivyo safari ya besi ya kwanza hadi ya pili ikapungua inchi nne na nusu. Na mrushaji hawezi tena kutishia atakavyo. Besi zilizoibwa, yaani mkimbiaji kuchomoka kwenda besi inayofuata bila mpira kupigwa, zilipanda kutoka 2,486 mwaka 2022 hadi 3,503 mwaka 2023. Ronald Acuña Jr. wa Braves peke yake aliiba 73, na juu yake akapiga hom-rani 41, yaani mapigo yanayovuka ukuta wa uwanja. Watazamaji nao walizidi milioni 70 mwaka ule. Kwa hiyo mzee wangu, wizi ninaouona mimi ni huo wa besi, na nauunga mkono.

Jambo ninalolipinga bado ni moja: mkimbiaji wa bure. Iningi ya kumi ikianza, mtu anawekwa besi ya pili ambaye hakupiga chochote. Huko ni kukata mchezo mwilini. Saa ilikata kujikuna tu. Tunashukuru hawamtumii kwenye michezo ya mtoano, la sivyo tusingeupata usiku wa tarehe 27 Oktoba.

Waliokuwapo sebuleni kwa Mweka Hazina hawana haja ya kusimuliwa, lakini wengine mlilala. Mchezo wa tatu wa fainali, Dodgers na Blue Jays. Ulianza muda mfupi baada ya saa moja usiku kwa saa zetu za Houston. Shohei Ohtani alipiga hom-rani mbili na mipira mingine miwili iliyomfikisha besi ya pili, kisha Blue Jays wakasema basi, huyu hatumrushii tena: mara nne mfululizo wakamwashiria aende besi ya kwanza bure. Kabla ya 2017 wangelazimika kurusha mipira minne ya uongo kila mara, jumla 16. Sasa ni ishara tu. Freddie Freeman alipoumaliza kwa hom-rani katika iningi ya 18, 6 kwa 5, ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi. Mzee wetu wa nusu saa alikuwa kwenye kochi anakoroma tangu iningi ya 13.

Mchezo ule ulichukua saa 6 na dakika 39. Mwaka 2018, uwanja uleule, mchezo wa tatu wa fainali vilevile, Dodgers na Red Sox walicheza iningi 18 vilevile. Ulichukua saa 7 na dakika 20. Iningi ni zilezile, na hakuna aliyetoka sebuleni kwa Mweka Hazina akisema hakuona mchezo wa kutosha. Aliyetoka alikuwa anatafuta funguo za gari.

Lakini kuna jambo ambalo saa imelichukua kweli, na mzee alikuwa nalo mdomoni hata kama hakulisema hivyo. Nilipofika mji huu nilipelekwa uwanja wa Astrodome mwaka 1998 na mtu niliyefanya naye kazi. Sikujua boli wala straiki. Yule bwana alinifundisha mchezo wote katika mapengo yale yale ninayoyacheka: mpigaji akifunga glavu, ananieleza kwa nini mdakaji aliye nyuma ya mpigaji amesogea kushoto, mrushaji akizunguka kilima, ananieleza kwa nini mtu wa besi ya kwanza amesimama mbali. Iningi ya saba nilikuwa nabishana na mwamuzi. Juni hii niliketi na wanachama wetu wapya wanne nikajaribu kufanya vivyo hivyo. Nikianza sentensi mpira umeshapigwa. Nikimaliza, iningi imegeuka. Walitoka pale hawajui walichokiona, na kijana mmoja aliniuliza ndani ya basi, kwa adabu, nani ameshinda.

Waliosema haraka haraka haina baraka wana hoja hapo. Waliowajibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo nao wana hoja. Kamati yenu haitaweza kuirudisha nusu saa ile uwanjani, kwa hiyo imeamua kuiweka ukumbini. Kabla ya kila safari kutakuwa na darasa la nusu saa, hapahapa, kwa ubao na chaki: besi, boli, straiki, saa, na nani anasimama wapi. Wazee wanaojua mchezo watafundisha kwa zamu. Zamu ya kwanza nimempa mzee wa nusu saa, na amekubali kabla sijamaliza kumwomba.

Mada ya kwanza itakuwa ya mwakani. Septemba hii ligi imepitisha kwamba kuanzia 2026 mpigaji, mrushaji au mdakaji, akiona mwamuzi amekosea boli au straiki, atagusa kofia yake na mtambo wa kamera utatoa jibu. Kila timu ina mara mbili, na ikipatia haipotezi. Kocha haruhusiwi, wala sisi wa jukwaani. Walipoujaribu kwenye michezo ya mazoezi ya 2025, kila rufaa ilichukua wastani wa chini ya sekunde 14. Nilikuwa na mengi ya kusema juu ya hilo lakini simu ya Bi. Katibu inaonyesha dakika moja.

Basi la safari ya kwanza ya 2026 litaondoka saa kumi na moja kamili jioni, na darasa litaanza saa kumi na nusu. Dereva ameshaambiwa asinisikilize mimi wala mtu yeyote atakayepiga simu kusema yuko njiani. Atakayeachwa asihangaike kutufuata. Abaki hapa ukumbini, chai itakuwepo, na saa nne usiku tutakuwa tumesharudi.