Draiva tatu za Bluetooth, yangu ni ipi?

Kwa Huduma kwa Wateja,

Salamu zenu. Mimi nina saiba huku Majengo, Mombasa, na hii laptopu yenu nilinunua ya kazi, si ya kuchezea. Wateja wangu wengi huja na simu hazina bando, mtu ataka kuprinti kopi ya kitambulisho ama fomu ya basari ya mtoto, anairusha kwa Bluetooth mambo yanaisha. Sasa tangu niweke Windows 11 upya Bluetooth imepotea, hata kile kitufe cha kuiwasha hakipo, na kwenye Divaisi Menija, ile orodha ya vifaa vya mashine, kuna kitu hakijulikani kimewekwa alama ya manjano.

Nikaingia tovuti yenu nikaandika modeli, na hapo ndo mliponimaliza. Mmeweka draiva tatu za Bluetooth, yaani programu za kuendesha kadi yake, ya kampuni ya Intel, ya Realtek na ya MediaTek, zote eti za modeli hiyohiyo! Mwenye mashine atajuaje ndani mmemtilia kadi gani, aifungue kwa bisibisi? Nikapakua ya Intel maana ndo iko juu, faili zito na bando langu mwenyewe, ikaingia mpaka mwisho ikaniandikia imefanikiwa, nikarestati, hamna kitu. Imefanikiwa vipi na kadi yake haimo?

Nikawapigia. Kijana wenu, mpole wallahi sina neno naye, akaniambia nipige Windows tena. Yaani nifute kazi za watu kwa ajili ya draiva?

Mwishowe nikabofya kulia kile cha manjano, Propatizi, Diteilzi, Hadiwea Aidi, nikaona VID_0BDA. Hiyo 0BDA ni namba ya kampuni ya Realtek, ingekuwa Intel ingeandikwa 8087. Nikaweka ya Realtek, Bluetooth ikarudi. Na huyo kijana angeniuliza tu waifai yangu yaitwaje, maana waifai na Bluetooth kwa kawaida ziko kadi moja, na waifai ilikuwa yafanya kazi, jina la Realtek liko pale wazi!

Basi andikeni hizo namba kando ya kila draiva, na programu yenu ikikosa kadi iseme imekosa. Bando langu pia mnirudishie, hata kwa vocha. Nangoja jibu la mtu, si ule ujumbe wa roboti wa "tumepokea ombi lako".

Mwenye saiba,
Majengo, Mombasa