Barua kwa Salim kuhusu makwotabeki

Salim ndugu yangu,

Salamu nyingi kutoka Minneapolis. Baridi inatukomesha, lakini wote wazima.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini timu za NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, pamoja na fedha zote zile na maskauti waliotapakaa nchi nzima, bado zinakosea mara nyingi zikichagua kwotabeki, yule mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, kutoka vyuoni. Nilikujibu juu juu, sasa nikae nikueleze.

Mimi naona wanapima mkono, urefu na mbio, kisha wanasahau kuuliza: huyu kijana chuoni alikuwa akipewa kazi gani, na kocha anayemchukua atampa kazi gani?

Watazame San Francisco 49ers. Kila mwaka timu huchagua wachezaji wa vyuoni kwa zamu, raundi baada ya raundi. Mwaka 2021 walitoa machaguo matatu ya raundi ya kwanza, na jingine juu yake, ili wapande kutoka nafasi ya 12 hadi ya 3 wamchukue Trey Lance wa North Dakota State. Mwili anao, mkono anao, na anakimbia. Lakini msimu kamili aliocheza ni mmoja tu, wa 2019: tachidauni 28 za pasi (yaani pasi zilizoishia kwenye eneo la mwisho la wapinzani), na hakuna hata pasi moja iliyodakwa na wapinzani. Takwimu tamu, ila ni za daraja la pili la vyuo. Mwaka 2020 korona ikamwachia mechi moja.

Sasa kocha wao, Kyle Shanahan, anataka nini? Kwotabeki ajifanye anampa mkimbiaji mpira, ageuke, na mguu wa nyuma ukikanyaga tu, mpira uwe umetoka, uende katikati ya uwanja mahali ambapo mpokeaji bado hajafika. Hiyo ni kazi ya macho na mazoea zaidi kuliko msuli.

Septemba 2022 Lance akavunjika kifundo cha mguu. Desemba Jimmy Garoppolo, kwotabeki aliyeshika nafasi yake, naye akaumia. Akaingia Brock Purdy wa Iowa State, chaguo la 262, la mwisho kabisa mwaka ule. Si mrefu, mkono wa kawaida, lakini chuoni alianza kikosini misimu minne na alishaona ulinzi wa kila namna. Februari 2024 alikuwa uwanjani kwenye Super Bowl, fainali ya ligi, wakafungwa na Kansas City 25-22 katika muda wa nyongeza. Wakati huo Lance alishapelekwa Dallas kwa chaguo moja la raundi ya nne. Sisemi Lance hafai; jeraha lilimnyima nafasi ya kutuonyesha.

Hapa kwetu nako, kwotabeki Sam Darnold alichaguliwa wa 3 mwaka 2018 na New York Jets, wakamchoka baada ya misimu mitatu. Mwaka 2024 akaja Vikings, timu yetu ya hapa, kwa kocha Kevin O'Connell, akashinda mechi 14 msimu wa kawaida. (Haya, ukiwa na mpokeaji kama Justin Jefferson wa kumrushia mpira, hata mambo magumu hulainika.)

Zile video ulizonitumia za kijana wako ni pasi ndefu tupu. Tafuta mechi yake nzima. Jaribio la tatu, kati ya manne ya kusogeza mpira yadi kumi, likifika na mpokeaji wa kwanza amebanwa, mwangalie macho: yanahamia kwa wa pili, au miguu inaanza kukimbia? Ukishaona, niandikie, tubishane vizuri.

Wasalimie wote hapo Tanga. Mwambie mzee koti lake nimeshalituma.

Wako,
Hamisi