Drafti: nani tusimguse?
Ndugu wana-Bears, mashabiki wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chicago, salaam. Mjadala wa jana usiku kuhusu nani tusimchukue kwenye drafti, yaani zoezi la timu kuchagua kwa zamu wachezaji wapya kutoka vyuoni, ulinoga, ila tuuweke sawa. Kila mmoja ataje mchezaji mmoja tu ambaye Chicago isimchukue, na atoe sababu za uwanjani: anarushaje mpira akibanwa, ameanza mechi ngapi. Hilo la mechi nalisisitiza. Mwaka 2017 tulitoa machaguo (zamu za kuchagua) mengine matatu ili tupande kutoka nafasi ya 3 hadi ya 2, tukamchukua mrushaji mpira Mitchell Trubisky, aliyekuwa ameanza mechi 13 tu chuoni. Patrick Mahomes, mrushaji aliyekuja kuwa nyota mkubwa, akaenda Kansas City akiwa chaguo la 10. Bado inauma jamani! Uvumi kuhusu maisha binafsi ya vijana hawa tafadhali usiletwe humu. Majina yaingie kabla ya Ijumaa jioni, kura tutapiga Jumamosi.